Binti yangu anauliza ulimwengu unaishia wapi, nami sina jibu: naombeni ushauri

Mama wa Kibirizi

Wakubwa zangu shikamooni, na wadogo zangu habari za leo. Mimi ni mkazi wa Kigoma, nafanya biashara ya dagaa, na elimu yangu iliishia Kidato cha Nne. Naomba ushauri kuhusu binti yangu mwenye umri wa miaka 14, ambaye sasa yuko Kidato cha Pili.

Tangu utotoni amekuwa mtu wa kuuliza. Nilipokuwa nikienda naye mwaloni alfajiri kungoja mitumbwi irudi, aliuliza kwa nini wavuvi hupumzika mwezi unapokuwa mpevu, nami nilimweleza kwamba mwanga wa mwezi huzishinda taa, dagaa wakatawanyika badala ya kukusanyika chini ya mtumbwi. Maswali ya namna hiyo niliyaweza. Baadaye yalihama kutoka majini yakapanda juu: nyota ya mwisho iko wapi, baada yake kuna nini, na kabla ya mwanzo wa vitu vyote kulikuwa na nini.

Jioni moja tulikuwa tukichambua dagaa kutoa changarawe, akaniambia amesoma kwenye simu kwamba vitu vyote vinavyoonekana, yaani sisi, ziwa, jua na nyota zote, ni kama asilimia 5 tu ya ulimwengu, na kwamba asilimia 95 inayobaki wataalamu wameipa majina ya maada giza na nishati giza bila kujua hasa ni kitu gani. Kisha akasema, "Mama, kama wenye darubini hawajui asilimia 95 na bado wanaitwa maprofesa, kwa nini mimi nikikosa asilimia 70 naitwa mzembe?" Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Akaendelea, "Nilipokuwa mdogo nilidhani watu wakikua wanajua. Kumbe nanyi mnakisia tu."

Tangu siku hiyo daftari lake la fizikia halifunguliwi. Hana utundu wala makundi mabaya; amekata tamaa tu, kana kwamba ameahidiwa kitu akagundua hakipo. Je, nimwambie wazi kwamba sijui, au nitakuwa ninathibitisha alichokisema? Na hayo maswali yake yana majibu popote?

Mzee wa Mwanga

Chukua hiyo simu, uifungie kabatini. Mwisho wa mwaka ana upimaji wa kitaifa wa Kidato cha Pili, na hakuna mahali atakapoulizwa kabla ya mwanzo kulikuwa na nini. Watoto wa siku hizi wanatafuta falsafa ya kukwepea kazi ya nyumbani.

Mwalimu Mstaafu, Kasulu

Dada yangu, kwa heshima ya Mzee wa Mwanga, naomba simu isifungiwe kabatini, maana mtoto huyu ametoa hoja, na hoja hujibiwa kwa hoja.

Tatizo la hoja yake ni kwamba ameweka katika kapu moja kutojua kwa aina mbili. Anapokosa swali la msukumo na mwendo darasani, anakosa jambo ambalo watu wamekwisha kulijua, likaandikwa, likafika hadi Kigoma. Kutojua huko ni kwake peke yake, na dawa yake ni kusoma. Ile asilimia 95 ni kutojua kwa wanadamu wote, na hakuna kitabu cha kufungua.

Halafu mwulize: hao maprofesa walijuaje kwamba ni asilimia 95, wala si 40? Katika miaka ya 1970 mwanaastronomia wa Marekani, Vera Rubin, alipima kasi ya nyota na gesi katika galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, akakuta kwamba zile zilizo pembezoni zinazunguka haraka mno. Kwa uzito wa vitu vinavyoonekana zilipaswa kwenda polepole, kama sayari za mbali zinavyolizunguka jua polepole kuliko zile za karibu. Kwa hiyo kuna kitu kizito kisichoonekana kinachozishikilia. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti, yakipima nyota zilizolipuka mbali sana, yaliona kwamba ulimwengu hautanuki tu bali unatanuka kwa kasi inayoongezeka, na kinachousukuma ndicho walichokiita nishati giza. Watu hao hawakukisia. Walifanya hesabu, hesabu ikagoma kulingana na walichokiona angani, wakapima pengo lenyewe lina ukubwa gani. Ili ujue kwamba umepungukiwa kiasi hicho, ni lazima kwanza uijue vizuri ile fizikia ambayo binti yako ameifunga.

Kuhusu kumwambia kwamba hujui: mwambie. Nimefundisha kwa miaka mingi, na wanafunzi niliowapoteza ni wale waliosikia mwalimu akibuni jibu, kisha wakakuta ukweli kwingine. Lakini usiishie kwenye "sijui". Mweleze ni ile ya aina gani, ya kwako wewe au ya watu wote.

Mjukuu wa Ujiji

Mwalimu amesema vizuri, ila naomba kuongeza aina ya tatu, ambayo sisi wa huku tunapaswa kuifahamu kuliko wengine. Kuna kutojua kunakotokana na kutomsikiliza anayejua.

Wapelelezi wa Kiingereza, Burton na Speke, walifika Ujiji mwezi Februari 1858. Miongoni mwa mambo waliyoyatafuta ni kama Mto Rusizi, ulioko kaskazini mwa ziwa letu la Tanganyika, unatoka ziwani au unaingia. Walipofika Uvira, upande wa Kongo, wenyeji waliwaambia kwamba unaingia. Wao wenyewe hawakuufikia mdomo wa mto, na miaka michache baadaye Burton alikuwa akitetea huko Uingereza kwamba Rusizi unatoka ziwani na kwenda hadi Nile. Mjadala huo uliendelea hadi Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipopanda mtumbwi kutoka hapa Ujiji, wakaenda, wakaona maji yanaingia. Wasomi walibishana miaka 13 juu ya jambo ambalo mvuvi yeyote wa Uvira angelijibu bila kuacha kushona wavu wake.

Kwa hiyo binti akisema "hakuna anayejua", mwulize ameuliza watu gani.

Mpiga Kasia

Na kabla hajavuka ziwa, akumbuke kwamba boti za kwenda vijiji vya karibu na Gombe zinapakia hapo hapo Kibirizi kwenu. Mwaka 1960 Mwingereza Jane Goodall alifika Gombe kuchunguza sokwe, akiwa na umri wa miaka 26, bila shahada yoyote. Wakati huo wataalamu wengi walikubaliana kwamba kutengeneza zana ndiko kunakomtenga binadamu na wanyama. Kabla mwaka haujaisha alimwona sokwe akichukua kijiti, akakipukuchua majani, akakiingiza kwenye kichuguu na kukitoa kimejaa mchwa, akala. Mpaka mmoja wa elimu ukafutwa msituni, umbali wa safari ya boti kutoka hapo binti anapochambulia dagaa.

Ustadh wa Ujiji

Assalamu alaykum. Sikubaliani na Mzee wa Mwanga, lakini pia naona wachangiaji wanaharakia kumwahidi mtoto kwamba kila kitu kitajulikana. Dini yetu inatufundisha kwamba mwanadamu amepewa elimu kidogo tu, na sioni aibu ndani ya neno hilo. Swali la kabla ya mwanzo kulikuwa na nini lina upande ambao darubini haitaufikia, na mtoto akiambiwa hivyo mapema hatavunjika moyo baadaye.

Elimu kuwa kidogo hakumpi mtu ruhusa ya kukaa. Tazameni mwezi mwandamo. Wenye hesabu wanaweza kukuambia miaka mingi kabla, kwa dakika, ni lini mwezi mpya utazaliwa. Lakini kama jioni ile mtu aliyesimama ufukweni atauona kwa macho yake, hilo linategemea ukungu, mawingu na macho yenyewe. Kila Ramadhani tunatoka kuutafuta, tukijua kwa uhakika jambo moja na tukilingoja lingine. Binti huyo ni mkubwa wa kutosha kuambiwa kwamba watu wazima huishi hivyo, na kwamba kuishi hivyo ni tofauti na kukisia.

Mama wa Kibirizi

Ahsanteni sana, na Ustadh wa alaykum salaam. Nimemsomea maneno ya Mwalimu kuhusu asilimia 95, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Sawa, lakini bado hajasema unaishia wapi." Naomba mwenye kulijua hilo anisaidie.

Mhitimu wa Fizikia, Tabora

Shikamoo mama. Mimi ni mzaliwa wa Gungu, kwa sasa nafundisha Tabora. Nitajaribu.

Jibu la kweli ni kwamba tunajua tunapoishia kuona, lakini hatujui kama ulimwengu wenyewe una mwisho. Mwanga una kasi yake, kama kilomita 300,000 kwa sekunde, na ulimwengu kama tunavyoufahamu una umri wa takribani miaka bilioni 13.8. Mwanga wa vitu vilivyo mbali kupita kiasi haujapata muda wa kutufikia. Hesabu zinaonyesha kwamba vitu vya mbali zaidi ambavyo mwanga wake umetufikia sasa viko umbali wa kama miaka ya nuru bilioni 46 kila upande; mwaka mmoja wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka. Hapo ndipo penye upeo wetu. Binti anaujua upeo wa namna hiyo: wakati wa kiangazi, moshi wa mioto na vumbi vikitanda, ng'ambo ya ziwa haionekani kabisa, na mgeni anaweza kuapa kwamba ni bahari; lakini mvua ikinyesha hewa ikasafishika, milima ya Kongo inasimama pale pale ilipokuwa.

Tofauti ni kwamba upeo huu mwingine hautasafishwa na mvua. Kwa kuwa nafasi inazidi kutanuka, na kwa kasi inayoongezeka, kuna galaksi ambazo mwanga zinaoutoa leo hautatufikia kamwe, hata tungengoja milele. Katika hilo namuunga mkono Ustadh: ipo mipaka ya kweli.

Ila tuwe waangalifu tunapoichora. Mwaka 1835 mwanafalsafa wa Ufaransa, Auguste Comte, aliandika kwamba binadamu hatajua kamwe nyota zimeundwa kwa kemikali gani, na kwa wakati wake ilikuwa hoja ya busara, maana nani angeenda kuchota kipande cha nyota? Alifariki 1857. Mwaka 1859 Wajerumani wawili, Kirchhoff na Bunsen, walionyesha kwamba kila elementi, ikipashwa moto, hutoa mistari yake maalumu ya rangi, na kwamba mistari hiyo inaweza kusomwa katika mwanga wa jua. Kwa njia hiyo gesi ya heli iligunduliwa kwenye jua mwaka 1868, kabla haijapatikana hapa duniani mwaka 1895. Sampuli ilikuwa ikitufikia yenyewe kila siku, nasi hatukujua kuisoma.

Nikushauri na la kufanya. Mwezi Juni, usiku usio na mwezi, mpeleke mahali pasipo na taa za umeme, mtazame kusini. Mtaona Msalaba wa Kusini, na kando yake nyota mbili zenye kung'aa. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alfa Kentauri, iliyo karibu nasi kuliko nyota zote zinazoonekana kwa macho ukiliacha jua. Mwanga wake husafiri zaidi kidogo ya miaka minne. Maana yake ni kwamba mwanga atakaouona uliondoka huko yeye akiwa Darasa la Tano, akiamini kwamba watu wazima wanajua kila kitu.

Mzee wa Mwanga

Nimesoma yote, na sijabadili msimamo kuhusu upimaji. Lakini naondoa neno la falsafa ya kukwepea kazi. Swali langu kwa Mhitimu: kama mipaka mingine ni ya kweli na mingine ni ya Comte, mtoto ataitofautishaje?

Mhitimu wa Fizikia, Tabora

Mzee wangu, mara nyingi haiwezekani kuitofautisha kabla ya kujaribu. Comte hakuwa na sababu ya kimaumbile ya kusema "kamwe". Alikuwa hajaona njia, akaandika kana kwamba njia haipo. Upeo wa mwanga tunausema kwa sababu kuna kanuni iliyopimwa inayouweka pale. Kwa hiyo mtoto akiambiwa "haiwezekani kujulikana", aulize ni kanuni gani inayozuia. Asipotajiwa kanuni, aendelee kutafuta.

Mama wa Kibirizi

Nimempa simu asome mwenyewe uzi huu wote. Mzee wangu wa Mwanga, daftari limefunguliwa, ingawa ni la Jiografia, sura ya mfumo wa jua. La Fizikia bado, na tumekubaliana ratiba. Ameandika swali kwenye karatasi, nami nalinakili lilivyo: "Kama ulimwengu una miaka bilioni 13.8, na hakuna kinachokimbia kuliko mwanga, imekuwaje tuone vitu vilivyo umbali wa miaka ya nuru bilioni 46? Nani amekosea hesabu?"

Mhitimu wa Fizikia, Tabora

Mwambie hakuna aliyekosea. Wakati mwanga ulipokuwa njiani, nafasi yenyewe ilikuwa ikitanuka, nyuma yake na mbele yake. Mwanga haukupitwa na chochote mahali popote ulipopita, lakini kitu kilichoutoa kimesogezwa mbali na nafasi iliyoongezeka katikati, na leo kiko mbali kuliko kilivyokuwa siku ulipoondoka. Bilioni 13.8 ni muda wa safari. Bilioni 46 ni umbali wa sasa. Namna ya kutoka tarakimu ya kwanza kufika ya pili inahitaji hesabu za kalkulasi, ambazo atazikuta Kidato cha Tano akichukua mchepuo wenye Fizikia na Hisabati. Asipotaka kungoja hadi huko, anitumie ujumbe kupitia kwako, nimwanzishie taratibu wakati wa likizo.