Ruta ya kwa mama Kibokoni: nibadilishe vipi asikatikiwe?

Kutoka: wa Kibokoni, sasa Bristol

Assalaam aleikum jamaa. Naenda Mombasa wiki tatu inshallah. Ruta ya kwa mama imechoka: umeme ukikatika ukirudi, yachukua robo saa kuamka, na chumba cha nyuma Wi-Fi haifiki kabisa. Nimenunua mpya huku. Lakini mama bila WhatsApp siku haiendi, na televisheni na kamera ya mlangoni zategemea mtandao huo huo. Nani ashafanya kazi hii bila kukata nyumba nzima?

Kutoka: wa Bondeni, sasa Leicester

Waaleikum salaam yakhe. Mimi niliifanya, nikaharibu, kwa hivyo nisikize.

Kosa la kwanza lilikuwa siku. Nilijitia usiku wa kuamkia safari. Nikang'oa ya zamani, nikatia mpya, taa zote zikawaka, mtandao hakuna. Mama alikaa siku nne hivyo hivyo, mpaka kijana wa jirani alipoirudisha ya zamani, nami nimo Leicester namwelekeza kwa simu. Wewe ifanye wiki ya kwanza, asubuhi, siku ambayo huduma kwa wateja wanapokea simu. Na nunua bando la data la kutosha, mama asikwame.

Kosa la pili: nilidhani ruta ni boksi tupu. Kumbe ya zamani ina siri zake na kampuni. Kuna kampuni zinazotumia PPPoE, yaani jina na paswadi ya laini yenyewe, si ile ya Wi-Fi. Nyingine huitambua ruta kwa anwani ya MAC, ile ya herufi na tarakimu 12 iliyo kwenye stika chini yake. Ikija nyingine haifunguliwi mlango. Nyingine wanataka namba ya VLAN, yaani namba ya njia ya data ndani ya laini. Basi kabla hujagusa waya, ingia kwenye mipangilio ya ya zamani, anwani ya kuandika kwenye kivinjari mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, upige picha kurasa zote za WAN, yaani upande unaoelekea kampuni. Paswadi ikiwa imefichwa kwa vidoti, waulize kampuni. Shida ikiwa ni MAC, waombe waisajili mpya, au uinakili ya zamani ndani ya mpya. Ruta nyingi zina nafasi hiyo.

Tazama pia visanduku ni vingapi. Vikiwa viwili, kile kinachoingia faiba usikiguse, badilisha cha pili tu. Kikiwa kimoja, hicho hakitoki: ruta nyingi za dukani hazina tundu la faiba. Na huo waya usiukunje, ndani ni kioo.

Ningerudia leo, nisingezima kitu. Ningechukua waya wa mtandao kutoka tundu la LAN, la vifaa vya nyumbani, la ruta ya zamani hadi tundu la WAN la mpya, zote mbili zikiwaka. Mama anaendelea na mambo yake, nawe waitengeneza mpya taratibu. Zikiwa na anwani moja zitagombana, kwa hivyo mpya ipe 192.168.50.1 au mfano wake. Ukisharidhika, kama visanduku ni viwili, ndipo uhamishie mpya waya wa kampuni na mipangilio uliyopiga picha, uizime ya zamani, na uipe mpya jina na paswadi ile ile ya Wi-Fi ya zamani, herufi kubwa kwa kubwa, ndogo kwa ndogo. Simu na televisheni zitajiunga zenyewe. Kamera ndiyo kaidi: nyingi hazioni masafa ya 5 GHz, kwa hivyo ya 2.4 GHz usiyazime, na usalama wa Wi-Fi uweke WPA2, si WPA3 mpya peke yake.

Na hicho chumba cha nyuma, usitegemee ruta mpya peke yake. Nyumba za Mji wa Kale ni kuta nene za mawe ya matumbawe, mawimbi yanafia humo. Pitisha waya hadi nyuma, huko uweke ile ya zamani ikishastaafu. Zima DHCP yake, ile kazi ya kugawia vifaa anwani, uipe anwani isiyogongana na mpya, na waya uingie LAN, si WAN.

Kutoka: wa Majengo, sasa Minneapolis

Nyinyi wa Uingereza mmebarikiwa, plagi zenu na za Mombasa ni moja. Sisi wa Marekani tusome adapta kwanza: isipoandikwa 100-240V, itaungua. Na msichanganye adapta ya zamani na mpya. Tundu laweza kuwa moja na volti mbalimbali. Mimi nilimchukulia mama betri ndogo ya kushikilia ruta umeme ukienda, na hiyo pia nililinganisha volti kwanza. Nilipoiweka ndipo malalamiko yalipokwisha. Ruta yenyewe ningeiacha.

Kutoka: wa Kibokoni, sasa Bristol

Shukran sana. Nimempigia mama anipigie picha ya stika iliyo chini ya ruta. Kaniletea picha tatu: kidole gumba, paka, na stika ya friji. Nitangoja nifike.