Wapemba wa Kilifi wameshapata uraia. Kugombea je?

BintiMicheweni
Assalamu alaykum. Ami yangu na wanawe wako Kilifi, Kenya. Babu alivuka kutoka Pemba kwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya ugenini, kabla ya uhuru, akaoa huko, hakurudi tena. Miaka yote hiyo hawakuwa na kitambulisho. Laini ya simu husajiliwa kwa jina la jirani, leseni ya uvuvi hawapati, mtoto akimaliza skuli ndio basi. Mwaka 2023 Serikali ya Kenya ikawatambua Wapemba kuwa ni moja ya makabila yake, na ami akaandikishwa uraia pamoja na mwanawe mkubwa. Kijana huyo anasikilizwa sana na wavuvi, nao wamemshikilia agombee uwakilishi wadi 2027, kwetu ndio udiwani. Inawezekana? Huku Micheweni tushaanza kumchangia.

Mzee wa Wete
Waalaykumu salaam mwanangu. Mchango usimamisheni kwanza. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 193, inataka mgombea awe raia kwa miaka kumi kabla ya siku ya uchaguzi. Ubunge vile vile, ibara ya 99. Aliyeandikishwa 2023, uchaguzi wa Agosti 2032 utamkuta na miaka tisa. Kwa hiyo ni 2037. Kupiga kura hakuna kizuizi hicho.

BintiMicheweni
2037! Mtu kazaliwa huko, kazika wazee huko, halafu ahesabiwe tangu siku ya cheti? Mie hili linaniuma.

Mzee wa Wete
Linauma, lakini ndivyo sheria inavyohesabu. Watazameni Wamakonde wa Kwale, nao zamani hawakuwa na uraia: walikabidhiwa vitambulisho Februari 2017, hivyo 2027 miaka yao kumi inakuwa imetimia. Jengine, mtoto wa kijana wenu atakayezaliwa sasa ni raia wa kuzaliwa, hatoguswa na hesabu hii.

Nahodha wa Ngomeni
Dada, mie ni Mpemba wa huku huku Kilifi. Kura msiidharau. Zamani wagombea walitupita bandarini wakenda kwa wenye vitambulisho, leo wanakaa kitako kutusikiliza. Tatizo vijana wetu wanadhani kitambulisho pekee kinatosha. Lazima wakajiandikishe kwa tume ya uchaguzi, la sivyo majina yao hayatokuwamo daftarini.

BintiMicheweni
Ahsanteni. Nimeshampigia ami. Kijana anakwenda kujiandikisha wiki hii na wenzake wa chomboni, na kila mgombea atakayefika bandarini 2027 watamdai jawabu la leseni kwanza.