Kama kampuni za kubeti zinatunyonya, kwa nini tuligoma ili kodi yao isipande?

DadaWaFarasi aliandika:

Habari zenu wana jukwaa. Nafanya kazi kwenye banda la farasi wa mbio hapa Newmarket, Uingereza. Nalisha, nasafisha, na alfajiri natoka na farasi kwenda mazoezini kwenye kilima cha Warren Hill. Kuna jambo limenikaa kooni tangu tarehe 10 Septemba 2025.

Siku ile hapakuwa na mbio hata moja Uingereza. Mbio za viwanja vya Lingfield, Carlisle, Uttoxeter na Kempton zilikuwa kwenye ratiba, zikahamishiwa siku nyingine, na watu wa mbio wakaenda Westminster, lilipo Bunge, kuipinga Hazina isipandishe kodi ya kubeti. Sasa mimi bandani mwaka mzima nasikia wimbo mmoja: kampuni za kubeti zinavuna kwa jasho la farasi wetu na kuturudishia makombo, ndiyo maana zawadi za mbio ni ndogo na mishahara yetu haisogei. Iweje basi serikali ikitaka kuwakamua hao hao, sisi ndio tunaosimamisha kazi kuizuia?

Mwenye kujua anieleze pesa inavyotembea, kutoka kwa anayebeti hadi kwenye zawadi ya mbio. Lawama nimezisikia za kutosha. Nataka hesabu.

KauntaYaZamani alijibu:

Dada, nimekaa miaka mingi upande wa pili wa hiyo habari, nyuma ya kioo cha duka la kubeti kaskazini mwa Uingereza. Ngoja nikupigie hesabu kama tulivyokuwa tukifunga siku.

Tuseme wateja wameweka madau ya pauni 100,000 kwenye mbio za Uingereza, na kampuni imewalipa washindi pauni 88,000. Zilizobaki 12,000 ndizo faida ghafi. Serikali inakata kodi ya 15%, yaani 1,800. Halafu kuna tozo ya 10%, yaani 1,200, inayokwenda kwenye bodi iitwayo Horserace Betting Levy Board, na bodi ndiyo inayoigawa: sehemu kubwa zawadi, nyingine kupima dawa kwenye damu za farasi, utafiti wa mifugo na kadhalika. (Nusu milioni ya kwanza ya faida ghafi kwa mwaka haitozwi, lakini kwa kampuni kubwa hiyo inaisha mapema.) Hapo hatujahesabu matangazo ya moja kwa moja ya mbio, yaani picha, ambazo kampuni inazinunua kutoka kwa viwanja.

Sasa mchukue mteja yule yule, mtoe kwenye farasi, mpeleke kwenye sloti za simu, ile michezo ya kasino ya kuzungusha. Wakati mnagoma, kodi ya kasino ya mtandaoni ilikuwa 21%. Hakuna tozo ya mbio. Hakuna picha za kununua. Hakuna farasi wa kulisha. Farasi alikuwa akikatwa 25% kabla ya picha, sloti ikikatwa 21% basi. Ukiwa mwenye kampuni, mteja wako ungependa ashinde wapi siku nzima?

Hapo ndipo Hazina ilipoleta wazo la kuziunganisha kodi hizi za mtandaoni ziwe moja. Wengi walihofia kiwango kingekuwa ile 21% ya kasino. Ongeza tozo, farasi angefika 31%. Kampuni isingekaa na maumivu hayo yenyewe. Ingebana odi (kiwango anacholipwa mshindi), ingepunguza udhamini wa mbio, ingewasukuma wateja kwenye sloti kwa nguvu zaidi. Madau ya farasi yakipungua, faida ghafi inapungua, na ile 1,200 inapungua nayo. British Horseracing Authority, chombo kinachosimamia mbio za Uingereza, ilikadiria hasara ya pauni milioni 66 kwa mwaka. Kwa hiyo ile siku hamkuwa mnailinda kampuni, mlikuwa mnailinda 1,200 yenu.

Na mlisikilizwa. Bajeti ya tarehe 26 Novemba 2025 ilipandisha kodi ya kasino ya mtandaoni kutoka 21% hadi 40% kuanzia Aprili 2026. Kubeti michezo mingine mtandaoni kunapanda hadi 25% kuanzia Aprili 2027. Farasi akaachwa kwenye 15% yake.

Lakini kuna kitu kinaniuma zaidi ya kodi. Tozo inakatwa kwenye kile walichopoteza wateja. Kwa hiyo kwenye tamasha kubwa la mbio la Cheltenham, mwezi Machi, farasi wanaopewa nafasi kubwa wakishinda mfululizo, uwanja mzima unashangilia na mfuko wa zawadi unapungua. Nilikuwa nawalipa wazee wetu wa Jumamosi, wenye gazeti na kalamu, wenye dau dogo wanalolifikiria asubuhi nzima. Hao ndio wanaoupenda mchezo huu. Mmoja wao akianza kushinda mara kwa mara, akaunti yake inabanwa dau au inafungwa kabisa, na viongozi wa mbio wanalalamika kwa sauti ndogo maana mfuko wao unakula kwa anayeshindwa. Baadaye zikaja dukani mashine za kamari, dau hadi pauni 100 kwa mzunguko mmoja, na ukuta uliokuwa wa kurasa za mbio ukawa wa mashine. Aprili 2019 dau lilishushwa hadi pauni 2. Nililiunga mkono hilo kwa moyo wote, ijapokuwa maduka mengi yalifungwa na wenzangu wakakosa kazi.

MtazamajiWaSydney alijibu:

Kaka Kaunta umefafanua vizuri, ila mimi nashangaa kwa nini Waingereza wanang'ang'ania faida ghafi. Huku New South Wales, tangu 2008 kampuni inayotumia orodha ya farasi wetu inalipia, na tozo ikawekwa kwenye jumla ya madau. Wakati ule ilikuwa 1.5%. Mteja ashinde ashindwe, mchezo unapata chake. Kampuni ya kubeti ya Betfair ilipinga hadi Mahakama Kuu ya Australia, ikashindwa mwaka 2012. Leo tuna mbio kama The Everest yenye zawadi ya dola milioni 20 za Australia. Nyie mnasubiri mteja apoteze ndipo mle?

KauntaYaZamani alijibu:

Ndugu yangu, hawakukaa tu. Walijaribu kuuza hizo orodha za farasi na saa za mbio, na serikali ilikuwa tayari kuifuta tozo ili mchezo ujitegemee kwa mauzo hayo. Kampuni ya kubeti ya William Hill ikabisha, kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na Novemba 2004 ikaamuliwa kwamba haki ya hifadhidata (haki ya mwenye kukusanya taarifa) haikuzilinda orodha zile. Mpango mzima ukaanguka. Tozo ile ile, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1961, ikabaki kwa sababu hapakuwa na kingine cha kushika.

Kuhusu kutoza dau lenyewe, nina hofu moja. Hadi 2001 mteja dukani alikatwa 9% ili kufidia kodi na tozo. Victor Chandler, mwenye kampuni ya kubeti, alihamia Gibraltar mwaka 1999 na wateja wakamfuata kwa simu kukwepa makato hayo. Baada ya Gordon Brown, waziri wa fedha wa wakati huo, kuihamishia kodi kwenye faida ghafi, makato yakaisha. Hata hivyo shughuli za mtandaoni ziliendelea kuhamia Gibraltar, na sheria ya tozo haikuwafikia walioko nje hadi Aprili 2017. Ilipowafikia, makusanyo yalikaribia kuongezeka maradufu, kutoka pauni milioni 50 hivi hadi milioni 95. Huo mwanya ulikuwa wa aibu kubwa kuliko kiwango chochote.

Kama ningeulizwa pa kuanzia leo, ningesema mbio za nje. Mteja wa Leeds akibeti mbio za Longchamp (Ufaransa) au Leopardstown (Ireland), tozo haihusiki kabisa. Ni mteja aliyefundishwa kupenda farasi na viwanja vya York na Doncaster. Hilo ni dogo kulirekebisha na ni haki.

DadaWaFarasi aliandika:

Asanteni sana, kaka zangu. Sasa naona. Sisi bandani tuna fungu letu kwenye zawadi, asilimia ndogo inayogawanywa kwa watunza farasi, kwa hiyo ile 1,200 inanigusa moja kwa moja. Nabaki na swali moja. Umesema picha za mbio kampuni inazinunua kwa viwanja. Hiyo pesa nayo inapita kwenye ile bodi?

KauntaYaZamani alijibu:

Haipiti, dada, na hapo ndipo ningekuomba uangalie kwa makini. Tozo ni ya kisheria, na ripoti ya mwaka ya Levy Board iko wazi kwa umma. Picha ni mkataba wa biashara kati ya kiwanja na mnunuzi. Kiwanja kinaamua kipeleke kiasi gani kwenye zawadi na kiasi gani kwenye baa, maegesho au gawio la wenye hisa. Vipo viwanja vinavyoongeza kwa ukarimu, vipo vinavyobana.

Na maduka yanapungua. Mwaka 2014 yalikuwa zaidi ya 9,000, sasa ni takriban 6,000, na kila duka linalofungwa ni mnunuzi mmoja wa picha aliyeondoka. Ndiyo maana ratiba yenu imejaa mbio za Jumatatu mchana zenye farasi watano: picha ya mbio ndogo nayo inauzwa. Wewe unaamka saa kumi alfajiri kumpakia farasi kwenye lori kwa ajili ya hiyo picha. Mkiwa na mwakilishi wa watunza farasi, mwambieni aulize kila kiwanja mlichokwenda mwaka huu: kwenye zawadi zenu, fungu la kiwanja chenyewe ni asilimia ngapi ya pesa ya picha?

DadaWaFarasi aliandika:

Mwakilishi tunaye. Namtumia uzi huu leo leo.