Jopo limekataa matokeo yangu kwa sababu ya uhalali wa ndani: kosa liko wapi?

Mzamili_Kasarani
Hamjambo wanajukwaa. Nilichunguza iwapo kusomewa hadithi kila asubuhi huinua ufahamu wa wanafunzi wa Gredi ya 4 katika shule moja ya Mathare. Machi 2024 niliwapa wote mtihani, nikawateua 30 waliokuwa mkiani, kisha Julai wakafanya mtihani uleule. Wastani ulipanda kutoka 11 hadi 17 kati ya 30. Jopo linasema utafiti hauna uhalali wa ndani, yaani hauthibitishi kwamba hadithi ndizo zilizowapandisha, ilhali hesabu zangu ni sahihi.

Mwalimu_wa_Takwimu
Ndugu, tatizo ni namna ulivyowateua. Alama ya siku moja hubeba uwezo wa mtoto pamoja na mambo ya siku hiyo: huyu amekuja bila kunywa chai, yule ameketi dirishani panapopiga honi za matatu. Ukichukua wa mkiani pekee, umekusanya wengi walioamka vibaya siku ile, na kwa kuwa mkosi huo haujirudii kwa wote, wastani wao ungepanda hata usingewasomea ukurasa mmoja. Huko ndiko kurejea kwenye wastani, jambo ambalo Francis Galton alilionyesha mwaka 1886 kwa vimo vya wazazi na watoto wao, na kwa maoni yangu ndilo linalowaponza wazamili wetu kuliko yote. Kukomaa kwa watoto na kuuzoea mtihani huenda navyo vimechangia.

Binti_Umoja
Mwalimu, tusisahau mafuriko, yaliyoahirisha kufunguliwa kwa shule hadi Mei 13 na kuzihamisha familia nyingi za Mathare. Kaka, Julai walifanya mtihani wangapi?

Mzamili_Kasarani
Walikuwa 23. Wastani wa Machi niliukokotoa kwa wote 30.

Mwalimu_wa_Takwimu
Basi ulilinganisha watu wasio walewale; kokotoa upya Machi kwa hao 23 kwanza. Ukirudia utafiti, wagawe wa mkiani kwa kura katika makundi mawili, moja lisomewe na jingine lisubiri muhula ujao, kwa maana yote mawili yatarejea kwenye wastani sawia na tofauti itakayobaki ndiyo utakayoitetea. Alama za Machi ziingize kwenye uchanganuzi ili zipunguze variansi ya makosa, yaani mtawanyiko wa alama usioelezwa na hadithi. Usitafute shule ya pili Buruburu iwe kundi la udhibiti, yaani la kulinganishia lisilosomewa: kwa shule moja kila upande, hutajua kama umepima hadithi au umepima walimu.

Mzamili_Kasarani
Nimekokotoa sasa hivi. Wale 23 walikuwa na 13 mwezi Machi.