Upepo wa kusi wakati wa kurudi Mtwara kwa baiskeli

Muulizaji (Shangani):
Ndugu zangu, habari za kwenu. Miezi hii ya kusi nikienda Mingoyo upepo hunisukuma mgongoni, lakini wakati wa kurudi napambana nao uso kwa uso, hadi vijana wa bodaboda wanapunguza mwendo na kuniuliza kwa huruma kama nimekosa nauli. Nifanyeje ili nifike Mikindani nikiwa bado na nguvu?

Jibu (Mikindani):
Kaka, ondoka alfajiri, kwani kusi huzidi ukali jua linapopanda. Kisha shika usukani sehemu ya chini na ukunje viwiko, maana kifua kilichosimama wima hukamata upepo mwingi, na kasi ya hewa inayokukabili ikiongezeka mara mbili, ukinzani wake huongezeka mara nne. Shati linalopepea liache nyumbani, uvae la kubana, hata kama mashangazi watasema.

Jibu (Ligula):
Ni kweli, ila dawa kubwa ni kutokwenda peke yako. Sisi huendesha kwa mstari, kila mmoja akimfuata mwenzake kwa karibu, na anayekata upepo mbele hupokewa kabla hajachoka. Tafadhali usijibanze nyuma ya lori. Likifunga breki ghafla huna pa kukimbilia.

Muulizaji:
Ahsanteni sana. Dada, mnaanza saa ngapi?

Jibu (Ligula):
Saa kumi na mbili asubuhi. Njoo na pampu na tyubu ya akiba.