Tupeane uzoefu: mguu umeshakatwa, sukari bado ipo. Mnaishije?

BiMwana_Kisauni:
Leo pale Mwembe Tayari nimempita mzee amesimama kwa magongo, suruali imekunjwa na kubanwa pini chini ya goti, na kwenye gongo moja kaning'iniza mfuko wa kaimati. Nikamkumbuka ami yangu papo hapo. Yeye naye mguu ulikwenda, kaimati hazikwenda. Kidonda cha kidole kilikataa kupona, wakajaribu kuzibua mshipa, damu haikushuka, ikabidi wakate. Hospitali tulifunzwa kufunga bendeji, basi. Ale nini, sindano apigwe kabla ya mazoezi au baada, mguu uliobaki nani auangalie, hayo tulihangaika nayo wenyewe nyumbani. Waliopitia, mwageni hapa.

KomboTuktuk:
Umenikumbusha mbali, dada. Miezi ya kwanza ndiyo mtihani wenyewe.

MamaSalim_Likoni:
Nimesoma hadi mwili ukanisisimka. Baba Salim alipokuwa wodini na ule mguu uliooza, sukari ilikuwa haishikiki, kila wakipima ni ishirini na kitu, wao wanaongeza insulini tu. Mguu ukakatwa, tukaruhusiwa, na kwenye karatasi uniti zimeandikwa zile zile. Hakuna aliyetwambia neno. Asubuhi nampiga sindano, anakunywa chai na hamri moja kwa sababu ati sasa anajichunga, kisha twenda zetu mazoezi.

Siku hiyo ndiyo alivishwa mguu wa bandia mara ya kwanza, akasimamishwa katikati ya vile vyuma viwili vya kushikilia. Furaha tupu! Akaomba azidishiwe muda, wakamzidishia. Kurudi, tuko kwenye feri, jua la saa saba, watu wamebanana, nasikia yuwaniuliza, "Mama Salim, hii treni yafika saa ngapi?" Nikadhani ni mzaha wake. Namtazama, shati limelowa chapa, midomo yatetemeka, macho yananipita yaenda kule. Mara akaanza kuvua mguu. Anafungua mikanda mbele za watu, ataka kuutupa baharini, ati si wake. Wapo waliocheka. Jamaa mmoja akasema, "Mzee leo ameanza mapema." Wallahi nilimtusi tusi ambalo siliandiki hapa.

Nikatoa mashine mkobani, nikamtoboa kidole pale pale: 2.3, sukari imeanguka. Msichana mmoja alikuwa na soda, akanipa bila kuombwa. Nikamshika kichwa, akanywa funda moja moja. Feri ikafika Likoni, watu wote wakashuka, sisi tuko chini tumekaa. Wale wafanyakazi wakatwambia tusiondoke, tukarudi nao kisiwani, tukaja tena Likoni. Nilipompima tena, 5.1. Ndipo akaniuliza kwa ukali kwa nini nimemvua kiatu hadharani.

KomboTuktuk:
"Hii treni yafika saa ngapi" 😂😂 Samahani mama, nimecheka na huku machozi yanitoka.

Zuhura_Tudor:
Subhanallah. Na yule wa kusema mzee kalewa alikwenda wapi?

MamaSalim_Likoni:
Aliteremka haraka haraka kama anayedaiwa.

Jirani_wa_Mtongwe:
Mimi nataka kujua kitu kimoja. Mliingia mbele, au mlibanana na wengine kwenye foleni?

Abdul_Majengo:
Walemavu hupitishwa mbele, hilo lajulikana.

Jirani_wa_Mtongwe:
Ukiwa kwenye kiti cha magurudumu. Umevaa mguu wa bandia na suruali ndefu, nani akujue? Na ule mteremko wa kuingilia feri, maji yakiwa yametoka, hata mwenye miguu miwili huteleza.

Abdul_Majengo:
Basi avae kaptula.

Jirani_wa_Mtongwe:
Wewe vaa adabu kwanza.

NesiMstaafu:
Wanangu, feri tuiwache. Mama Salim, yaliyompata mzee hutokea sana. Maambukizi hupandisha sukari. Kiungo kilichooza kikishaondoka, insulini iliyokuwa haitoshi juzi leo ni nyingi kupita kiasi. Dozi yatakiwa ipitiwe upya baada ya kukatwa, na tena mazoezi yanapoanza, maana kutembea na mguu wa bandia hula nguvu nyingi kuliko kutembea kwa kawaida, na aliyekatwa juu ya goti ndiye achokaye zaidi. Apimwe kabla ya kutoka nyumbani na akirudi. Ikiwa chini ya 4, vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, ngoja dakika 15, pima tena. Ikishapanda ndipo ale chakula cha maana. Hawezi kumeza? Msimtie kitu mdomoni, mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali. Siku ya mazoezi sindano ipigwe tumboni, si kwenye paja linalofanya kazi, huko dawa huingia mbio. Na anayemeza vidonge vya presha vya jamii ya atenololi, kutetemeka na moyo kwenda mbio huenda asivisikie. Jasho ndilo la kuangalia.

DawaZaAsili_001:
Mnajitesa na masindano. Uwatu uliolowekwa usiku kucha na juisi ya karela, lile tango chungu, asubuhi. Baba yangu aliacha sindano kabisa.

FundiRashidi:
Yuko wapi sasa huyo baba?

DawaZaAsili_001:
Yuko Kilifi, alima.

FundiRashidi:
Kwa miguu mingapi?

DawaZaAsili_001:
Mmoja. Lakini huo ulikatwa kwa sababu nyingine.

FundiRashidi:
Naam. Nimemaliza.

NesiMstaafu:
Uwatu na karela huweza kushusha sukari, kweli, na ndiyo hatari yenyewe ukichanganya na insulini bila daktari kujua. Kuacha sindano ni jambo jengine kabisa, msijaribu. Na tafadhali, msiukande mguu uliobaki kwa maji ya moto na chumvi. Mguu uliokufa ganzi hauwezi kukwambia unaungua. Uangalieni kila jioni, katikati ya vidole na chini ya wayo. Asiyeweza kuinama atumie kioo cha mkono.

Kigutu_Changamwe:
Mimi ndiye niliyekatwa, si mke wala mtoto, kwa hivyo niacheni niseme. Usiku kidole gumba kisichokuwepo kinaniwasha. Mke wangu akawa yuwakuna hewa, nami napata nafuu, msituulize vipi. Mtu wa mazoezi akatufundisha kusimamisha kioo cha kabati katikati ya miguu: wautazama ule mzima kwenye kioo, wauchezesha taratibu, na akili inadanganyika kwamba yote miwili ipo. Kwangu kulisaidia. Rafiki yangu tuliyelazwa pamoja aliona ni mchezo wa watoto, akapewa vidonge.

La pili, mito. Mama mkwe alikuwa akija anaweka mto laini chini ya kigutu, kwa heshima zake. Goti likaanza kukunjika na kukataa kunyooka, na goti lililokunjika mguu wa bandia hauliingii. Laleni kifudifudi kila siku kidogo. Mto mpeni mgeni.

Zuhura_Tudor:
Lakini baba asipoinuliwa kigutu kinafura! Tufanyeje?

Kigutu_Changamwe:
Bendeji, mwanangu. Ifungwe kwa kupishanisha, umbo la namba 8, kaza zaidi huku mwisho kisha legeza ukipanda juu. Ukiifunga mduara kama kilemba, unakinyonga. Akiwa kwenye kiti, goti linyooke juu ya ubao.

Na joto letu hili! Ndani ya kikombe cha mguu wa bandia, pale kigutu kinapoingia, ni maji matupu ikifika adhuhuri. Chukua soksi ya pili, vua, kausha, tazama kama ngozi imechubuka, vaa upya. Kikianza kulegea, kigutu kimepungua, ongeza soksi au rudi kwa mafundi. Mimi mguu wangu ulitengenezwa APDK, lile shirika la watu wenye ulemavu, kule Port Reitz, na huwarudia wakaurekebisha.

Mzee_Baraza:
Mimi niliponea chupuchupu. Walinitoa mshipa pajani wakaupachika uipishe damu ile sehemu iliyoziba, nikapoteza vidole tu. Daktari akaniambia wazi: ukivuta sigara, huu nao utaziba. Aspirini kila siku. Na mguu ukigeuka baridi ghafla, ukawa mweupe na kuuma, nisingoje kesho. Barazani wenzangu bado wanifukizia moshi usoni, nimehamia upande wa upepo.

Zuhura_Tudor:
Na Ramadhani? Baba ashaanza kuniuliza na bado mbali.

Abdul_Majengo:
Babangu alifunga zote thelathini, na sukari ikatulia.

NesiMstaafu:
Alikuwa yuwapiga insulini na ana kidonda kibichi?

Abdul_Majengo:
La, vidonge. Lakini msimfutie mtu saumu yake.

Jirani_wa_Mtongwe:
Hakuna anayemfutia. Al-Baqara aya ya 184 imemtaja mgonjwa kwa jina lake. Atalipa baadaye, na asiyeweza kulipa atoe fidia. Muulize daktari, kisha muulize sheikh, usimuulize Abdul.

Mwalimu_Miritini:
Hakuna aliyesema umeme. Kwetu ukikatika na friji nayo imekatika. Chupa ya insulini tunayoitumia hukaa juu ya mchanga uliolowa ndani ya mtungi wa udongo, kivulini. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva na Madaktari Wasio na Mipaka walichapisha waliyoyapima baada ya kuangalia joto la nyumba za wakimbizi huko Dadaab: insulini iliyokaa kwenye joto la kupanda na kushuka kati ya 25 na 37 kwa wiki nne haikupoteza nguvu yake. Akiba ambayo haijafunguliwa bado ni ya friji. Lakini isigande, ikiganda itupe.

MamaSalim_Likoni:
Wangu asema mtungi huo wampa maji matamu, dawa itafute pake.

BiMwana_Kisauni:
Ahsanteni nyote. Na chakula je? Ami haachi wali wa nazi.

Kigutu_Changamwe:
Mbaazi nyingi, samaki wa kupaka, wali ngumi moja. Kidonda chataka samaki na mayai, msimkondeshe.

DawaZaAsili_001:
Wali aache kabisa.

KomboTuktuk:
Mwacheni ami ale! Hebu, nina viatu vya ngozi vya babu yangu, vya kushoto vitupu, havijavaliwa, namba 43. Aliyekatwa wa kulia?

Mzee_Baraza:
Jirani yangu. Lakini yeye ni 42.

KomboTuktuk:
Avae soksi mbili.

NesiMstaafu:
Hapana! Kiatu kikubwa husugua, na kidonda cha pili kitaanzia hapo. Aje akijaribu jioni, mguu ukiwa umeshafura kidogo.

KomboTuktuk:
Sawa mama. Nipo steji ya Kongowea kila siku baada ya alasiri, aulize tuktuk ya kijani.