Nikiskani QR ya boksi la beringi ikajibu poa, beringi yenyewe ndo ori?

MsagajiMoro: Wakuu habari za jioni. Nina mashine ya kusaga na beringi za mota zinanimaliza. Juzi nimenunua moja ya chapa kubwa, boksi safi kabisa, haikukaa ikaanza kupiga kelele na kuchemka, fundi kaifungua akasema hii feki. Sasa nasikia simu siku hizi inatambua ori kwa kamera tu. Nikiskani QR ikikubali niamini? Au kuna kamera inayoangalia chuma chenyewe? Naombeni msaada wenu, hela ya kubahatisha sina.

FundiMota: Pole sana mkuu. QR peke yake usiiamini, mtu ananunua beringi moja ori anapiga picha ile QR anaichapa kwenye maboksi kibao, wewe ukiskani unaambiwa ipo kwenye mfumo na kweli ipo, ila mfumo haujaiona beringi uliyoshika. Kingine boksi linaweza kuwa la ukweli ndani wameweka beringi iliyotumika, imesuguliwa ikang'aa. Kinachosaidia kidogo ni mfumo unaokumbuka skani, QR moja ikisomwa Mwanza na Dar saa hiyohiyo unashtuka. Kwa sasa SKF, watengenezaji wa beringi, wana programu ya simu ya SKF Authenticate, inakuelekeza picha za kupiga, boksi na yale maandishi kwenye ringi, zinaenda kwa wataalamu wao wanakujibu. Schaeffler wanaotoa beringi za FAG na INA wana yao ya OriginCheck, inasoma ile alama ya vimiraba, ikitia shaka unawatumia picha. Piga dukani kabla hujalipa, na maandishi ya ringi yatoke vizuri, picha yenye ukungu haimsaidii mtu.

Dada_Mikoba: Kwenye mikoba ya bei kali kuna Entrupy, kampuni ya New York ilianza 2012, unabandika kifaa cha kukuza kwenye simu unapiga ngozi, mshono na vyuma kwa karibu sana, kompyuta inalinganisha na picha za mikoba ya kweli walizonazo. Ninachowapendea ikishindwa haisemi ni feki, inasema haijatambulika. Na hilo ndo jibu la haki, maana mtu anaweza kuharibiwa biashara kwa neno moja la simu.

Chembechembe: Swali la kuangalia kitu chenyewe ndo zuri zaidi. Mwaka 2005 Russell Cowburn na wenzake wa Imperial College London walionyesha kwenye jarida la Nature kwamba karatasi, kadi za plastiki na maboksi vina vikwaruzo vidogovidogo ambavyo havijirudii, walivisoma kwa leza, karatasi wakailoweka, wakaioka, wakaichorachora na bado ikatambulika. 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, wakafanya kwa skana ya kawaida ya ofisini, ukurasa unaskaniwa pande nne ili vivuli vionyeshe mabonde na vilima vya nyuzi za karatasi. Hiyo huwezi kuikopi kama QR kwa sababu hata kiwanda chenyewe hakiwezi kutengeneza ya pili.

MsagajiMoro: Shukrani sana. Kwa hiyo nikipiga hii niliyonayo itasoma hiyo alama yake?

Chembechembe: Hapana mkuu, hapo ndo pagumu. Kiwanda lazima kiwe kiliipiga picha ile beringi siku inatoka ili leo kuwe na cha kulinganisha, kama hawakupiga simu yako inaona chuma tu. Na ikishafungwa ikapakwa grisi na kuchubuka alama zinaharibika, ndo maana karatasi na lebo ni rahisi kuliko spea.

FundiMota: Hiyo feki usiitupe wala usimrudishie muuzaji kimyakimya. Iweke na boksi na risiti, piga picha zote, watumie wenye chapa, halafu peleka FCC, Tume ya Ushindani, bidhaa bandia ni kazi yao. Beringi ikikatika mota inazunguka kuna mtu amesimama pembeni anamimina mahindi.